Kutoka Jina la Kubuni hadi Namba ya Simu, na Kurudi: Historia ya Usajili katika Programu za Ujumbe wa Faragha, 1996–2024

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna namba ya simu ilivyogeuka kuwa sharti la kujiunga na programu za ujumbe wa faragha, na namna sharti hilo lilivyopingwa, kulegezwa na, katika baadhi ya programu, kuondolewa kabisa kati ya mwaka 1996 na 2024. Hoja yake ya msingi ni kwamba namba haikuwa hitaji la kiufundi bali uamuzi wa kihistoria uliofanywa katika mazingira mahususi. Aidha, insha inadai kwamba mabadiliko ya miaka ya karibuni hayawezi kutathminiwa bila kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara: kuificha namba mbele ya watumiaji wengine, na kutoitoa namba kwa mwenye programu. Tofauti hiyo ina uzito wa pekee katika Afrika Mashariki, ambako namba ya simu imefungamanishwa kisheria na kitambulisho cha mtu.

1.0 Utangulizi

Yeyote anayepakua programu ya ujumbe iliyojengwa juu ya ahadi ya faragha hukutana, kabla ya kuandika neno la kwanza, na swali moja: namba yako ya simu ni ipi? Swali hilo limezoeleka kiasi kwamba watumiaji wengi hulichukulia kuwa sehemu ya maumbile ya teknolojia yenyewe. Hata hivyo, ndani yake mna mkanganyiko. Maudhui ya ujumbe hufungwa kwa usimbaji fiche, yaani hugeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka kwa mtu asiye na ufunguo, lakini mlango wa kuingilia hufunguliwa kwa taarifa inayoweza kumtambulisha mwandikaji kwa jina lake kamili. Barua imefungwa kwa lakiri, lakini juu ya bahasha pameandikwa nani kaileta.

Mkanganyiko huo si wa kinadharia tu. Mhudumu wa afya anayetaka kumweleza mwandishi wa habari kuhusu wizi wa dawa, mwanamke anayeingizwa katika kundi la watu mia mbili asiowajua, na mwanaharakati anayepanga maandamano wote wanaweza kuwa na ujumbe usiosomeka na mtu wa kati, na bado wakajulikana. Kwa mantiki hiyo, swali la usajili ni swali la usalama wa mtu, wala si la urahisi wa matumizi peke yake.

Insha hii inatumia nyaraka za wazi: matangazo ya wenye programu, taarifa za mahakama zilizochapishwa, tafiti za vyuo vikuu, ripoti za vyombo vya habari na sheria. Mjadala unaanza na enzi ya kabla ya namba, unafuatilia namna namba ilivyotwaa nafasi ya jina, unaangalia hali ilivyo Afrika Mashariki, kisha unatathmini migogoro na masuluhisho yaliyofuata.

2.0 Enzi ya Kabla ya Namba, 1996–2008

Mawasiliano ya papo kwa papo kupitia intaneti hayakuzaliwa na namba ya simu. Mnamo Novemba 1996, kampuni ya Mirabilis ya Israeli ilitoa programu ya ICQ, ambayo ilimpa kila mtumiaji namba ya utambulisho iliyotolewa na mfumo wenyewe. Namba hiyo haikuwa na uhusiano wowote na simu ya mtu, makazi yake wala kampuni ya mawasiliano aliyoitumia. Mwaka uliofuata, AOL ya Marekani ilitoa AIM, ambayo watumiaji wake walijichagulia majina ya kubuni. MSN Messenger ya Microsoft, iliyotolewa mwaka 1999, ilitumia anwani ya baruapepe. Katika mwaka huohuo Jeremie Miller alitangaza mradi wa Jabber, ambao uliruhusu mtu yeyote kuendesha seva yake na kuwapa watumiaji anwani zenye umbo la baruapepe. Skype nayo, mwaka 2003, ilianza kwa majina ya kujichagulia ingawa kazi yake kubwa ilikuwa kupiga simu.

Kilichoziunganisha programu hizi ni mahali zilipotumika. Zilikuwa programu za kompyuta. Kompyuta ya nyumbani, ya ofisini au ya mgahawa wa intaneti haikuwa na namba, na mara nyingi ilitumiwa na watu wengi. Ilimlazimu mtumiaji abebe utambulisho wake kichwani, yaani jina na neno la siri, na si mfukoni. Hata BlackBerry Messenger, iliyoanza mwaka 2005 kwenye simu za mkononi, haikutumia namba ya simu bali msimbo wa kifaa chenyewe.

Ikumbukwe kwamba enzi hii haikuwa ya faragha kamili. Ujumbe mwingi ulipita kwenye seva ukiwa wazi, na kampuni ziliweza kuusoma. Tunaweza kusema kwamba watumiaji wa enzi hiyo walikuwa na jina lililofichika na ujumbe uliofichuka. Miaka kumi na mitano baadaye hali ilikuwa imepinduka: ujumbe ulifichika, jina likafichuka.

3.0 Namba Yatwaa Nafasi ya Jina, 2009–2014

Mpinduko huo ulianza na simujanja. Mwaka 2009, Jan Koum na Brian Acton, waliowahi kufanya kazi Yahoo, walianzisha WhatsApp huko California. Uamuzi wao mkuu haukuhusu ujumbe bali usajili. Mtumiaji hakutakiwa kubuni jina wala neno la siri. Alitakiwa kuthibitisha namba yake kwa msimbo uliotumwa kwa ujumbe mfupi. Baada ya hapo programu ilisoma orodha ya majina iliyomo kwenye simu na kumwonyesha papo hapo ni nani kati ya watu anaowafahamu aliyekwisha kujiunga.

Faida ya uamuzi huo ilikuwa kubwa. Programu mpya ya mawasiliano hukabiliwa na tatizo la utupu: aliyejiunga hana wa kuzungumza naye. Orodha ya majina iliyojengwa kwa miaka mingi ndani ya simu iliondoa tatizo hilo kwa siku moja. Viber, mwaka 2010, na Telegram, mwaka 2013, zilifuata njia hiyohiyo. Facebook ilipotangaza kuinunua WhatsApp mnamo Februari 2014 kwa takribani dola bilioni 19, programu hiyo ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 450 kwa mwezi.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kueleza uamuzi huu kwa tamaa ya biashara pekee. TextSecure, programu iliyotolewa mwaka 2010 na kampuni ya Whisper Systems ya Moxie Marlinspike na Stuart Anderson, na ambayo baadaye ilizaa Signal, ilitumia namba ya simu pia, ilhali lengo lake lilikuwa ulinzi wa mawasiliano. Watetezi wa uamuzi huo walikuwa na hoja ya faragha yenyewe. Orodha ya majina inayokaa kwenye simu ni mali ya mwenye simu. Kama kila programu ingetumia majina yake ya kipekee, seva ingelazimika kuhifadhi nani anafahamiana na nani, na hifadhi hiyo ingekuwa hazina kwa yeyote mwenye nguvu ya kuidai. Kwa maneno mengine, namba ilichaguliwa na baadhi ya wahandisi ili seva ijue machache zaidi.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito, lakini iliegemea dhana kwamba namba yenyewe ni taarifa nyepesi. Matukio yaliyofuata yaliitikisa dhana hiyo. Mwezi Agosti 2016 WhatsApp ilibadilisha sera yake ili kuishirikisha Facebook namba za watumiaji wake. Mwezi Mei 2017 Tume ya Ulaya iliitoza Facebook faini ya yuro milioni 110 kwa kutoa taarifa za kupotosha mwaka 2014, pale iliposema kwamba haingeweza kuoanisha kwa uhakika akaunti za huduma hizo mbili. Funzo la kihistoria hapa ni bayana. Jina la kubuni huishia ndani ya programu lilikozaliwa. Namba ya simu huvuka. Ni ufunguo mmoja unaofungua hifadhidata nyingi, na ndiyo sababu ni vigumu kuitoa mahali pamoja bila kuitoa mahali pengi.

4.0 Namba Inapokutana na Kitambulisho: Afrika Mashariki

Uzito wa namba hutegemea pia sheria za mahali inapotumika. Katika nchi ambako laini huuzwa dukani bila maswali, namba ni uzi mwembamba. Afrika Mashariki uzi huo umesokotwa kuwa kamba, na historia yake inastahili kuelezwa kwa utaratibu wake.

Kabla ya simu ya mkononi, anwani ya watu wengi katika eneo hili ilikuwa Sanduku la Posta. Sanduku hilo mara nyingi halikuwa la mtu mmoja. Lilikuwa la shule, misheni, ofisi, duka au ukoo, na barua ilimfikia mlengwa kwa kupitia mikono ya wengine. S.L.P. ilieleza barua iende wapi. Haikuthibitisha nani ataisoma. Anwani na utambulisho vilikuwa vitu viwili. Mgahawa wa intaneti wa miaka ya mwanzo ya 2000, pamoja na anwani zake za baruapepe za kubuni, uliendeleza utengano huo kwa njia nyingine.

Simu ya mkononi ilianza kuviunganisha. Huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwaka 2008, namba iligeuka kuwa akaunti ya fedha. Usajili wa laini nao ulifuata. Tanzania ilianza kusajili laini mwaka 2009, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ikaufanya usajili huo kuwa sharti la kisheria. Uganda iliweka sharti kama hilo katika sheria yake ya mwaka 2010 kuhusu udukizi wa mawasiliano, na Kenya ikatunga kanuni za usajili wa laini mwaka 2015. Kuanzia tarehe 1 Mei 2019 Tanzania ilianza usajili kwa alama za vidole unaotegemea Kitambulisho cha Taifa. Tarehe ya mwisho, iliyokuwa 31 Desemba 2019, ilisogezwa hadi 20 Januari 2020, kisha laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Kanuni za mwaka 2020 ziliweka pia ukomo wa idadi ya laini ambazo mtu anaweza kumiliki katika kila mtandao.

Sababu iliyotolewa ilikuwa uhalifu, hususani utapeli, na sababu hiyo haiwezi kubezwa. Kila mwenye simu nchini Tanzania anaujua ujumbe wa “ile pesa itume kwenye namba hii”. Ni vyema kukumbuka pia kwamba ujumbe huo uliendelea kuwafikia watu hata baada ya alama za vidole kuchukuliwa. Usajili ulimfanya raia wa kawaida aonekane zaidi kuliko ulivyomzuia tapeli.

Athari yake kwa programu za ujumbe ni kwamba mtumiaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anapojisajili kwa namba yake, anatoa zaidi ya anachotoa mtumiaji wa nchi isiyo na usajili wa laini. Namba hiyo huelekeza kwenye kitambulisho chake kwa yeyote mwenye mamlaka ya kuidai kampuni ya simu. Wala si mamlaka pekee. Huduma za pesa kwa simu humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla ya muamala kukamilika, ili fedha zisipotee. Ulinzi huo mzuri wa fedha una upande wa pili: mtu aliyeiona namba ngeni katika kundi la WhatsApp anaweza kuanza kuitumia pesa, akasoma jina la mwenye namba, kisha akasitisha. Katika mazingira hayo, kuonekana kwa namba ni kuonekana kwa jina.

Mtu anaweza kuuliza kama jina la kubuni lina nafasi yoyote katika mijadala ya Kiswahili. Historia ya JamiiForums inajibu. Jukwaa hilo limekuwa uwanja wa mjadala wa umma ambamo wachangiaji wengi huandika kwa majina ya kubuni. Mwezi Desemba 2016 mwanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa na kushtakiwa, pamoja na mengine, kwa kuzuia uchunguzi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, baada ya jukwaa kutotoa taarifa za watumiaji zilizotakiwa na polisi. Kesi hiyo ilionyesha kwamba ulinzi wa mchangiaji ulitegemea vitu viwili: utayari wa mwenye jukwaa kukataa, na kiasi cha taarifa alichonacho mwenye jukwaa. Utayari unaweza kuvunjwa kwa kifungo. Taarifa ambayo haikukusanywa haiwezi kutolewa na mtu yeyote.

5.0 Migogoro Iliyofichua Udhaifu, 2016–2022

Kati ya mwaka 2016 na 2022 matukio kadhaa yalidhihirisha udhaifu wa namba kwa njia tofauti. Yanaweza kupangwa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la kunasa msimbo wa uthibitisho. Mwezi Aprili 2016, akaunti za Telegram za wanaharakati wawili wa Urusi, Oleg Kozlovsky na Georgy Alburov, ziliingiliwa baada ya huduma yao ya ujumbe mfupi kuzimwa kwa muda kwenye mtandao wa simu. Mwezi Agosti mwaka huo shirika la habari la Reuters liliripoti utafiti wa Collin Anderson na Claudio Guarnieri kuhusu Iran, ambako namba za watumiaji wapatao milioni 15 wa Telegram zilitambuliwa na akaunti zaidi ya kumi na mbili kuingiliwa kwa njia ya msimbo. Katika matukio haya usimbaji fiche haukuvunjwa. Hapakuwa na haja ya kuuvunja, kwa kuwa aliyedhibiti ujumbe mfupi alidhibiti akaunti. Mwaka 2022 udhaifu huo uliigusa Signal pia. Wadukuzi waliingia katika mifumo ya Twilio, kampuni iliyoitumia Signal kutuma misimbo, na watumiaji wapatao 1,900 waliathirika.

Kundi la pili ni la kuhesabu namba. Wakati wa maandamano ya Hong Kong mwaka 2019, ilibainika kwamba mtu angeweza kuingiza maelfu ya namba kwenye simu yake, akaiacha Telegram izioanishe na akaunti zilizo kwenye makundi ya waandamanaji. Waandamanaji waliojificha nyuma ya majina ya kubuni wangeweza kufichuliwa kwa njia hiyo, na Telegram ikaongeza kipengele cha kumruhusu mtumiaji kuamua nani aweze kumpata kwa namba. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Würzburg na Darmstadt nchini Ujerumani walionyesha kwamba tatizo halikuwa la programu moja. Kwa vifaa vichache tu waliweza kukagua asilimia 10 ya namba zote za simu za mkononi za Marekani kwenye WhatsApp, na asilimia 100 kwenye Signal. Jina la kubuni lina uwezekano usiohesabika kirahisi, lakini namba za nchi zina mwisho, na chenye mwisho kinaweza kuhesabiwa.

Kundi la tatu ni la amri za kisheria. Mwaka 2016 Signal ilichapisha nyaraka za amri iliyoipokea kutoka kwa baraza kuu la mashtaka huko Virginia, Marekani. Taarifa pekee ilizoweza kutoa kuhusu akaunti husika zilikuwa wakati akaunti ilipofunguliwa na wakati ilipounganishwa na seva mara ya mwisho. Tukio hili linasifiwa, na kwa haki, kama mfano wa kukusanya machache. Linapaswa kusomwa pia kutoka upande wa pili: wachunguzi walianza na namba, nayo seva iliweza kuthibitisha kwamba namba hiyo ina akaunti.

6.0 Njia Tatu za Kujinasua

Masuluhisho yaliyofuata yanaweza kugawanywa katika njia tatu, na hapa ndipo tofauti iliyotajwa kwenye ikisiri inapoonyesha umuhimu wake.

Njia ya kwanza ni kuificha namba huku ikiendelea kutolewa. Telegram iliruhusu majina ya watumiaji tangu mwaka 2014. Signal ilitangaza jambo hilo mwezi Februari 2024: namba isionekane kwa watu wasio nayo tayari, mtumiaji aweze kujiwekea jina linaloishia na tarakimu, alibadilishe apendavyo, na akipenda azuie kabisa kutafutwa kwa namba. Kwa mwanamke aliyeingizwa katika kundi la watu asiowajua, hatua hii ni kubwa. Lakini usajili wenyewe uliendelea kuhitaji namba. Mipaka ya njia hii ilionekana mwezi Septemba 2024 pale Telegram, wiki chache baada ya mwanzilishi wake Pavel Durov kukamatwa nchini Ufaransa, ilipobadilisha masharti yake na kueleza kwamba inaweza kuzipa mamlaka namba za simu na anwani za intaneti za watumiaji wanaokiuka masharti hayo, pale panapotolewa maombi halali ya kisheria. Namba iliyofichwa kwa jirani haikuwa imefichwa kwa mwenye nyumba.

Njia ya pili ni kutoa namba nyingine. Watu wengi hutumia laini ya pili, namba ya mezani au namba ya kukodi ya mtandaoni. Mwezi Desemba 2022 Telegram ilirasimisha wazo hilo kwa kuruhusu usajili bila laini ya simu, kwa namba zinazoanza na +888 zinazouzwa kwenye jukwaa la Fragment kwa sarafu ya kidijitali. Inashangaza kwamba hata pale laini ilipoondolewa, umbo la namba lilibakizwa na likawa bidhaa. Njia hii ina kasoro mbili kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Laini ya pili imesajiliwa kwa alama za vidole zilezile za laini ya kwanza. Namba ya kukodi, kwa upande wake, inaweza kurudishwa sokoni, na anayeipata baadaye anaweza kuidai akaunti. Kwa hiyo namba mbadala huhamisha hatari, lakini haiiondoi.

Njia ya tatu ni kutotoa namba kabisa. Threema ya Uswisi imefanya hivyo tangu mwaka 2012: mtumiaji hupewa utambulisho wa herufi na tarakimu nane zilizochaguliwa bila mpangilio, na kuongeza namba au baruapepe ni hiari. Briar, iliyotoa toleo lake kamili la kwanza mwaka 2018, huwaunganisha watu kwa kupigana picha msimbo wakikutana ana kwa ana, au kwa kubadilishana viungo, na inaweza kusafirisha ujumbe kwa Bluetooth hata intaneti ikizimwa. Session, iliyochipuka mwaka 2020 kutoka katika msimbo chanzo wa Signal, humpa mtumiaji utambulisho mrefu wa herufi na tarakimu 66 unaozalishwa ndani ya simu yake. SimpleX imeenda mbali zaidi kwa kutokuwa na utambulisho wa kudumu wa mtumiaji. Kila uhusiano huanzishwa kwa kiungo chake cha mwaliko. Katika programu hizi seva haina namba ya kutoa, kwa sababu haikuiomba.

7.0 Gharama ya Kutokuwa na Namba

Iwapo njia ya tatu inawezekana kiufundi tangu mwaka 2012, kwa nini haijaenea? Jibu la kwanza ni upweke wa mtumiaji mpya. Programu isiyosoma orodha ya majina hurejesha lile tatizo la utupu lililotatuliwa mwaka 2009. Mtu hulazimika kubadilishana misimbo na kila rafiki, mmoja baada ya mwingine.

Jibu la pili ni takataka za ujumbe. Namba hugharimu fedha kidogo na muda, na gharama hiyo ndogo huzuia mtu mmoja kufungua akaunti elfu kumi. Signal yenyewe imetetea namba kwa hoja hiyo. Hata hivyo, hesabu zake zilizochapishwa mwezi Novemba 2023 zinaonyesha upande wa pili: kati ya takribani dola milioni 14 zilizotumika kwa mwaka kuendesha miundombinu, dola milioni 6 zililipia kutuma misimbo ya usajili, kiasi kilichozidi kile cha seva, hifadhi au usafirishaji wa data. Programu isiyo ya kibiashara, inayoishi kwa michango, iliwalipa watoa huduma za simu mamilioni kwa ajili ya lango ambalo ndilo sehemu yake dhaifu. Threema ilipata kizuizi kingine kwa kuuza programu yenyewe: anayelipa mara moja si rahisi afungue akaunti elfu. Malipo hayo, lakini, ni kikwazo kwa watumiaji wa kipato cha chini, na njia za kulipia nazo huacha alama.

Jibu la tatu ni kupotea. Aliyesajiliwa kwa namba akipoteza simu hurejesha laini na akaunti yake. Aliyesajiliwa kwa msimbo asioutunza akipoteza simu amepoteza akaunti pamoja na watu wote waliomfahamu kwa msimbo huo. Uhuru dhidi ya kampuni ya simu hudai nidhamu ambayo kampuni hiyo ilikuwa ikimbebea mtu.

Gharama hizi ni za kweli, na insha hii haidai kwamba kila mtu aache kutumia namba. Inachodai ni kwamba gharama hizo zigawiwe kwa kuzingatia hatari. Anayepanga harusi ya ukoo hahitaji Briar. Anayetoa taarifa za ubadhirifu dhidi ya mwajiri wake hapaswi kuambiwa kwamba jina la mtumiaji kwenye Telegram linatosha.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa si ya maendeleo yanayosonga mbele kwa mstari mmoja. Mwaka 1996 mtu aliweza kuwasiliana bila namba lakini ujumbe wake haukuwa na ulinzi. Mwaka 2016, WhatsApp ilipokamilisha usimbaji fiche kwa watumiaji wake zaidi ya bilioni moja, ujumbe ulilindwa lakini mtu alifungwa kwenye namba. Kufikia mwaka 2024 mifano ya kuunganisha ulinzi wa aina zote mbili ilikuwapo, ingawa pembezoni mwa soko.

Matokeo matatu yanajitokeza. Kwanza, namba iliingia kwa sababu ya simujanja na orodha ya majina. Haikuletwa na usimbaji fiche, wala usimbaji fiche hauihitaji. Pili, kuificha namba na kutoitoa ni ulinzi wa aina mbili dhidi ya watu wawili tofauti: wa kwanza humkinga mtu dhidi ya watumiaji wenzake, wa pili humkinga dhidi ya mwenye programu na yeyote awezaye kumlazimisha. Tatu, thamani ya namba hupangwa na sheria ya mahali. Programu iliyosanifiwa California kwa kudhani kwamba namba ni anwani tu hufanya kazi tofauti kabisa inapofika mahali ambapo namba ni alama za vidole, akaunti ya fedha na jina kamili.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, pamoja na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinaweka msingi kwamba taarifa zinazokusanywa ziwe zile tu zinazohitajika kwa lengo husika. Kwa kuzingatia historia iliyojadiliwa, watafiti na wasimamizi wa sheria hizo wana swali halali la kuwauliza wenye programu: je, namba hii inahitajika ili ujumbe ufike? Ushahidi wa tangu mwaka 1996 unaonyesha kwamba haihitajiki. Inahitajika kwa mambo mengine, yakiwamo ukuaji wa haraka, udhibiti wa takataka na urejeshaji wa akaunti. Mambo hayo yana uzito, lakini yatajwe kwa majina yake, na anayebeba hatari aambiwe kabla hajajaza kisanduku cha kwanza.